Presha ya Macho

Tulipomzika Mama Godeliva, miezi mitatu iliyopita, binti yake Ines alinifuata kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa. Nilikuwa nimeshika sahani ya wali na maharage ambayo sikuwa nimeigusa. Akaniomba nisimame niseme neno. "Kaka Yusto, wewe ndiye ulikuwa mdomo wake mjini humu kabla mimi sijafika. Watu wanataka kukusikia." Nikasimama. Nikasema marehemu alinipokea nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, sina pa kulala, akanilisha bila hata siku moja kunifanya nijione mgeni. Watu wakaitikia amina. Mama mmoja wa Kikongo akapaza sauti kutoka nyuma, "Na wewe njo ulikuwa unamupeleka ku hospitali, tunajua!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikakaa chini. Nimeishi Durban miaka mingi kuliko niliyoishi Kigoma. Nimeoa hapa, na nimezika watu wangu hapa, lakini makofi yale yalinirudisha kwenye mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa nyumbani kwa Mama Godeliva. Nauandika kwa sababu kila aliyepiga makofi siku ile alidanganyika, na aliyewadanganya ni mimi.

Alikuwa mshonaji kutoka Bujumbura, mjane aliyekuwa amepita arobaini, na alipanga fleti ya ghorofa ya tatu huko mtaa wa Umbilo. Mimi alinipa baraza lililozibwa kwa vioo, lenye godoro moja na rafu ya vitabu, likitenganishwa na sebule kwa pazia zito la maua alilolishona mwenyewe. Mchana nilikuwa karani wa ghala Clairwood, nikiandika namba za makontena yaliyoletwa na malori kutoka bandarini. Nikirudi jioni ngazi zote tatu zilinukia nguo zilizotoka kupigwa pasi, na nikifungua mlango harufu hiyo ilichanganyika na ya mawese jikoni. Alipika sombe, kisamvu kilichotwangwa kikalainika, au maharage yenye vitunguu vingi. Ugali aliusonga mgumu, huku akiwacheka watu wa hapa wanaoupenda ukiwa chengachenga. Cherehani ilikaa dirishani. Wateja wake walikuwa wanawake wa Kirundi na wa Kikongo waliokuja kupimwa magauni, na wakishapimwa hawakuondoka. Walikaa, wakanywa chai, wakazungumza, na mimi nikilala chali kwenye godoro langu nyuma ya pazia nilisikia kila kitu. Mara nyingi walinizungumza mimi. "Huyu kijana wako anaongea Kiingereza sawa na muzungu," mmoja angesema, na Mama Godeliva angejibu, "Vraiment, kweli kabisa. Huyu ni Mungu alinitumia." Nilitabasamu peke yangu, nikitazama dari.

Ukweli ni kwamba Kiingereza changu kilitosha kusoma orodha za mizigo na kuwavutia wale ambao hawakukijua kabisa. Nilikisema haraka, kwa kujiamini. Nikikutana na neno nisilolijua nililiruka kama mtu anayeruka dimbwi, halafu pengo nikaliziba kwa kubahatisha. Niliwasindikiza wanawake wale kwenye ofisi za vibali, kwa walimu wakuu wa shule, kwa wenye nyumba. Hakuna aliyenikamata kwa sababu hakuna aliyeweza kunikamata, na waliposhukuru kwa mikono miwili niliona wananishukuru kwa haki. Hata sasa, nikitafuta chanzo cha yote yaliyofuata, sikioni kwenye ukatili wala chuki. Nilimpenda yule mama. Nilipenda pia jinsi alivyoniona, na sikuwa tayari kukipoteza hicho kwa kutamka maneno mepesi kama "samahani, sijaelewa."

Kliniki tulikwenda mwezi wa tatu. Kichwa kilikuwa kinamsumbua, na alikuwa ameanza kugonga bega kwenye fremu za milango, jambo tulilolifanyia mzaha nyumbani. Kliniki ikatupeleka hospitali, na kule tukakaa kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi mpaka jina lake lilipoitwa saa nane. Daktari alikuwa kijana, ametoka jasho, na foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Alimtazama macho kwa mashine, kwanza la kulia, kisha la kushoto, akarudia la kulia. Halafu akanigeukia mimi na kuanza kusema kwa kasi. Nilikamata neno moja nililolijua vizuri, presha. Nikakamata macho, kila jioni, maumivu. Katikati yake palikuwa na neno refu ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Alilitamka mara mbili, akinyoosha kidole kwenye jicho la mama.

"Umeelewa vizuri?" daktari aliniuliza mwishoni. Hilo lilinifikia wazi.

"Ndiyo, dokta."

"Na utamweleza hivyo hivyo?"

"Nitamweleza."

Mama Godeliva alinivuta mkono. "Dokteri anasema nini, mon fils, mwanangu?"

"Anasema una presha, Mama."

"Presha? Na macho, je?"

"Ndiyo hiyo hiyo presha. Inapanda mpaka machoni." Sehemu hiyo niliitunga pale pale, na niliitamka bila kusita hata kidogo. "Amekupa dawa ya matone. Utatia kila jioni mpaka maumivu yaishe. Na upunguze chumvi." Kuhusu chumvi daktari hakuwa amesema lolote. Niliongeza kwa sababu nilijua wenye presha hukatazwa chumvi, na nilitaka maelezo yangu yaonekane kamili.

Leo najua alichosema daktari yule, kwa sababu baadaye nilikisoma mara nyingi mno. Alisema ni glakoma. Maji ya ndani ya jicho yanazidi, yanalikandamiza, na mshipa unaopeleka mwanga kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone yale yanazuia kilichobaki kisipotee, na lazima yatiwe kila jioni maisha yote, hata kama hakuna maumivu, hasa kama hakuna maumivu. Na mimi nikamwambia atie mpaka maumivu yaishe. Yaliisha baada ya wiki mbili, akanishukuru, akaiweka chupa kabatini. Tukala maharage yasiyo na chumvi karibu miezi miwili, wote wawili. Yeye alivumilia kwa moyo mweupe, akisema mwili wake unajisikia mwepesi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nasoma. Parokia moja ya Glenwood ilikuwa na kozi ya makatekista, na aliyefundisha historia ya Kanisa alikuwa Padri Lukasi, Mzulu mzee, mnene, mpole. Alikuwa anazima feni kabla ya kuanza kusema ili tumsikie, nasi tukatokwa jasho kwa saa mbili. Alizungumza Kiingereza cha taratibu, na kile nilikielewa chote. Karne za kati alizipenda kama mtu anavyopenda kijiji alichokulia. Mwezi wa saba alitufundisha kuhusu ujinga. Alisema walimu wa zama zile waliuhesabu kuwa mojawapo ya majeraha ambayo dhambi ya kwanza ilimwachia binadamu, wakabishana vizazi kwa vizazi juu ya swali moja: asiyejua ana hatia? Alitusimulia habari za mapadri wa vijijini ambao hawakujua Kilatini sawasawa. Walisimama altareni wakasoma sala wasizozielewa, mbele ya watu ambao hawakuelewa hata hicho kidogo, wakabatiza kwa maneno yaliyokosewa. Maaskofu waliandika maonyo makali, kwa sababu mtu wa kawaida angeanguka shimoni akimfuata padri wake kwa imani yote. Darasa lilicheka, na mimi nilicheka sana.

"Msicheke," Padri Lukasi alisema, naye akicheka kidogo. "Hawa walimu walikuwa makini. Waligawanya. Kuna mtu hajui kwa sababu hakuwa na njia yoyote ya kujua. Huyo walimwachia Mungu. Kuna asiyejua kwa uvivu, hakuuliza wakati kuuliza kulikuwa wajibu wake. Huyo ana hatia. Halafu kuna wa tatu." Alitutazama. Nusu yetu tulifanya kazi bandarini au kwenye malori, naye alilijua hilo. "Wa tatu ni mtu anayefunga kontena bila kuchungulia ndani. Amesikia kitu kinagonga. Hachungulii kwa sababu akichungulia na kumwona mtu, itabidi asimamishe kazi. Baadaye atasema hakujua. Na ni kweli, hakujua. Walimu wetu walisema ujinga wa huyu haumpunguzii dhambi. Unaiongeza."

Akatupa kazi ya kuandika, kurasa nne, juu ya ujinga kama chanzo cha dhambi. Nikaazima kamusi kubwa ya kozi, nikaiweka kwenye rafu yangu kule barazani.

Barua kutoka hospitali ilifika wiki ile ile. Mama Godeliva alinipa nikiwa mezani. Alikuwa anahangaika kutunga uzi kwenye sindano, akiipeleka ncha ya uzi pembeni ya tundu, akiilamba, akirudia. Nikaisoma. Ilisema mgonjwa hakufika tarehe aliyopangiwa. Mimi sikuwa nimesikia kabisa kwamba kuna tarehe. Mstari wa tatu ulikuwa na lile neno refu, sasa limeandikwa, herufi kwa herufi, na baada yake maneno niliyoyajua vizuri kabisa: kupoteza uwezo wa kuona. Nikakomea hapo. Kurasa mbili nyingine sikuzigeuza.

"Wanasema nini?" aliuliza, macho yake yakiwa kwenye sindano.

"Wanataka kukuona tena, Mama. Si haraka."

"Ah. Basi tungoje nimalize nguo za kwaya." Alikuwa na magauni ishirini ya kwaya ya kushona kabla ya sikukuu ya parokia. "Nisaidie kwanza na huu uzi. Macho iko inachoka siku hizi."

Nilimtungia uzi. Nikaenda nyuma ya pazia na barua mkononi, nikakaa juu ya godoro, kamusi ikiwa hapo karibu na goti langu. Sikuwa na kazi nyingine jioni ile. Nilijua kwamba nikiifungua kamusi nitajua, nikijua itabidi nimpeleke, nikimpeleka daktari ataniuliza mbele yake kwa nini dawa iliachwa, na wale akina mama wa chai watasikia. Yote hayo yalipita kichwani mwangu waziwazi, hatua kwa hatua. Nikaikunja barua nikaichomeka chini ya godoro. Kisha nikachukua kalamu nikaandika zile kurasa nne. Niliandika vizuri. Neno gumu la kitabu cha kozi lilipotokea nilifungua kamusi, nikalitafuta, nikaifunga.

Jumamosi Padri Lukasi alinisimamisha nisome mbele ya darasa. Nilisoma sehemu ya mtu wa tatu kwa sauti ya kutetemeka kidogo, na wenzangu walidhani ni kwa ajili ya uzito wa mada. Akaniambia nifikirie seminari.

Nguo za kwaya zilikamilika mwezi wa tisa. Zilipovaliwa, magauni sita yalikuwa na kola za kijani badala ya buluu, na mkono wa gauni moja ulishonwa ndani nje. Wanakwaya walicheka, wakamtania kwamba anazeeka. Yeye hakucheka. Jumatatu yake aliteleza ngazini akapasuka nyusi. Mimi nilikuwa kazini. Jirani yetu wa ghorofa ya kwanza ndiye aliyempeleka hospitali, na nilipofika kutoka Clairwood, na vumbi langu, nilimkuta ameshaingia chumba cha daktari wa macho. Daktari huyu alikuwa Mkongomani kutoka Bukavu. Nilisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikamsikia mtu akimweleza Mama Godeliva ugonjwa wake moja kwa moja, bila mkalimani. Alieleza polepole, akamwacha aulize, akarudia. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa limebaki na tundu dogo la kuonea, nalo lingekwenda kabla ya mwaka mpya.

"Lakini faili inaonyesha ulipewa matone mwezi wa tatu, Mama," daktari alisema. "Kwa nini uliacha?"

"Walisema ni presha. Nitie mpaka maumivu yaishe."

"Nani alikuambia vile?"

Mama aligeuza kichwa mlangoni, si hasa niliposimama mimi, kando kidogo. Alijua nipo. Alikuwa amezisikia buti zangu. Daktari naye alinitazama, na nafikiri alielewa.

"Hapana mtu," alisema Mama Godeliva. "Ni mimi njo nilisikia mubaya."

Tulipotoka nilimshika kiwiko kwenye ile korido ndefu inayonukia dawa ya kusafishia sakafu. Karibu na mlango wa nje alisimama. "Yusto. Ulijua?"

"Sikujua, Mama."

"Basi," alisema. Tukaendelea kutembea.

Hakuwahi kuniuliza tena. Wale wanawake walipoanza kunung'unika nyumbani, mmoja akisema kijana huyu ndiye aliyeharibu, nilimsikia kutoka nyuma ya pazia akiwakatiza: "Muache mutoto wa watu. Hakujua." Alisema kwa nguvu, ili nisikie. Nililala nimeuma shuka. Jumamosi iliyofuata nilimfuata Padri Lukasi akiwa anawasha feni baada ya darasa, nikamuuliza kama yule mtu wa tatu anaweza kusamehewa bila kumwambia aliyemkosea. Akaniuliza, "Unauliza kwa sababu ya mtihani, au kwa sababu yako?" Nikamwambia ni mtihani. Akanijibu jibu la mtihani, nikaliandika kwenye daftari. Sikurudi tena kwenye kozi ile, na mwisho wa mwaka nilihama Umbilo.

Ines aliletwa kutoka Bujumbura mwezi wa kwanza. Alikuwa na miaka kumi na saba na ameacha shule ya sekondari katikati, ili aje amshike mama yake mkono. Akajifunza kushona kwenye cherehani ile ile. Mama yake alikaa kando akipapasa mishono kwa vidole na kumwambia palipokosewa. Mimi nilikwenda kila Jumapili, mwaka baada ya mwaka. Nilipeleka unga, nilitengeneza bomba, nilimsindikiza mama kanisani, na Ines akaniita kaka. Wakati huo Kiingereza changu kilikuwa kimekuwa kizuri kwelikweli. Nilisoma kila kitu kuhusu glakoma. Nikasoma kwamba inatembea kwenye damu ya familia, kwamba mtoto wa mgonjwa yuko hatarini kuliko watu wengine na apimwe mapema, tena na tena. Nilisoma hayo Ines akiwa hajafika thelathini. Sikumwambia. Kila Jumapili nilitazama kama anagonga fremu za milango, na kila Jumapili nikarudi nyumbani, kwa sababu sikuona namna ya kuanza habari hiyo bila kuimaliza.

Wiki moja baada ya mazishi nilipanda zile ngazi tatu. Ines alikuwa anakunja nguo za mama yake kitandani. Nilimwambia yote: neno nililoliruka, chumvi, barua, godoro, korido. Hakunikatiza. Aliendelea kukunja mpaka nguo zikaisha, akakaa na mikono mitupu.

"Mama alikuwa anasema wewe ni mtu wa pekee anakuja bila kuitwa," alisema. "Mimi nilidhani ni upendo."

"Ulikuwa upendo pia, Ines."

"Tafadhali, usiseme hiyo."

Nikamwambia lililobaki, kuhusu damu ya familia. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Niliona anapiga hesabu ya miaka, halafu nikamwona akifikiria wanawe wawili waliokuwa shuleni saa ile. Aliinuka, akafungua mlango, akasimama akiushikilia. Nikamwomba niwasindikize hospitali. Akasema anajua njia.

Ujumbe wake ulikuja baada ya wiki tatu. Watoto wako salama. Yeye, jicho la kushoto limeanza, ameshapewa matone, na daktari amemwambia angekuja miaka kumi iliyopita lisingekuwa limepoteza kitu. Chini kabisa aliniomba nisije tena siku za Jumapili.

Sijaenda. Siku hizo, ikifika saa ile ambayo ningekuwa napanda ngazi, nakaa jikoni kwangu, na mke wangu ananiuliza kama leo siendi Umbilo. Jumapili iliyopita, kabla hajamaliza kuuliza, nilimwomba akae, nikamweleza sababu.